Kusafiri Nje ya Nchi Kuasili Mtoto Mkubwa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtoto wa miaka saba, kumi au kumi na tatu haasiliwi kama anavyoasiliwa mtoto mchanga. Analijua jina lake, anamkumbuka aliyemlea, ana rafiki anayelala kitanda cha jirani, na ana maoni yake kuhusu kuondoka au kubaki. Mzazi anayefunga safari kwenda nchi nyingine kumchukua mtoto wa umri huo hawezi kutosheka na hati zilizokamilika, kwa sababu hati huweza kukamilika hali mtoto hajaelewa anapelekwa wapi wala kwa muda gani. Kwa hiyo mwongozo huu, pamoja na kueleza taratibu za kisheria, utakuwa ukirudia swali moja katika kila hatua: mtoto mwenyewe ameelezwa nini, na amekubali nini?

Hatua ya kwanza: soma sheria za nchi zote mbili

Kuasili mtoto wa nchi nyingine kunatawaliwa na sheria za nchi mbili kwa wakati mmoja, yaani nchi anakotoka mtoto na nchi atakakokwenda kuishi. Mahakama ya kule inaweza kutoa amri halali kabisa ya kuasili, na bado idara ya uhamiaji ya nchi yako ikakataa kumpa mtoto viza kwa sababu haikuhusishwa mapema, akabaki mtoto mwenye wazazi wapya kisheria ambao hawezi kuishi nao. Mkataba wa Hague kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, uliokamilishwa tarehe 29 Mei 1993 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 1995, unaziba pengo hilo kwa kutaka mamlaka kuu za nchi zote mbili, yaani ofisi za serikali zinazosimamia kuasili, zikubaliane kabla uamuzi wa kumkabidhi mtoto haujafanywa. Sharti hilo limo katika kifungu cha 17. Kifungu cha 4 nacho kinaitaka nchi ya mtoto ijiridhishe kwamba uwezekano wa kumlea nchini kwake umezingatiwa ipasavyo, kwamba idhini za wahusika hazikupatikana kwa malipo wala fidia ya namna yoyote, na kwamba mtoto, kwa kadiri ya umri na ukomavu wake, ameshauriwa, ameelezwa matokeo ya kuasiliwa na maoni yake yamezingatiwa.

Kwa mtoto mkubwa, jambo la kwanza la kuuliza ni ukomo wa umri. Nchini Marekani, kwa mfano, maombi ya uhamiaji ya mtoto wa kuasiliwa yanapaswa kuwasilishwa kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa kama ndugu yake wa kuzaliwa aliye mdogo kwake ameasiliwa au anaasiliwa na wazazi haohao, ambapo ukomo unasogea hadi miaka 18. Uliza pia sheria inauhesabu umri siku gani: siku ya kuwasilisha maombi, siku ya amri ya mahakama, au siku ya kuingia nchini. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuonekana ana muda wa kutosha, kumbe hati moja iliyochelewa inatosha kumfungia mlango.

Hakikisha vilevile kwamba nchi unayoikusudia bado inaruhusu jambo hili. Ethiopia ilipiga marufuku raia wa kigeni kuasili watoto wake mwaka 2018. Urusi iliwazuia Wamarekani kuanzia tarehe 1 Januari 2013. China ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitawapeleka tena watoto wake nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na kwa watoto wa kambo, na Uholanzi, ambayo ni nchi inayopokea watoto, iliacha kupokea maombi mapya mwaka huohuo. Baadhi ya milango hiyo ilifungwa wakati familia zilikuwa zimeshapangiwa watoto, na watoto wenyewe walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wanakuja kuchukuliwa. Ni maumivu ambayo mtu mzima anaweza kuyaeleza na mtoto hawezi. Ndiyo sababu mtoto asiambiwe habari za familia fulani mpaka mamlaka za nchi mbili zimeafikiana.

Hatua ya pili: chagua shirika, na fuatilia kila fedha inayotoka

Katika nchi nyingi huwezi kwenda peke yako. Unapitia mamlaka kuu ya serikali au shirika lililoidhinishwa nayo. Thibitisha idhini hiyo kwa mamlaka yenyewe, katika nchi zote mbili, na usiridhike na karatasi unayoonyeshwa ofisini. Omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi kabla ya kusaini chochote: ada ya shirika, ada ya mahakama, tafsiri, nauli, malazi, uchunguzi wa afya na ripoti za baadaye. Kifungu cha 32 cha Mkataba kinaruhusu gharama halisi na malipo ya kiasi kwa wataalamu, na kinakataza faida isiyo halali. Bahasha inayokabidhiwa mkuu wa makao ya watoto mkononi, hata ikiitwa mchango, haimo katika ruhusa hiyo.

Mwezi Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mshirika wake, ikiwahusisha na mpango ambao wazazi wa vijijini walishawishiwa kuwatoa watoto wao kwa ahadi ya kusomeshwa Kampala, kisha familia za Marekani zikafika kuwaasili watoto hao kutoka kituo kisicho na leseni. Nataka msomaji alitafakari tukio hilo kwa utulivu, kwa maana familia iliyosafiri kwa nia njema kabisa inaweza kujikuta imeshiriki kumnyang'anya mama mwanawe. Watoto wengi wanaoishi katika makao wana mzazi au ndugu aliye hai. Wapo walioletwa kwa sababu ya umaskini tu, na mzazi aliyemleta mtoto huenda alidhani anampeleka bweni.

Hapa ndipo umri wa mtoto unapokuwa msaada mkubwa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusema nani alimleta, nani humtembelea, na aliambiwa nini. Ikiwa jalada lake, yaani faili la taarifa zake, linasema wazazi wamefariki dunia na mtoto anasema mama yake alikuja wakati wa likizo, simamisha kila kitu na uitaarifu mamlaka kuu kwa maandishi. Ishara nyingine za kukutia shaka ni shirika kukuharakisha kwa maelezo kwamba familia nyingine inamtaka mtoto huyohuyo, kukuahidi mtoto kabla jalada lako halijakubaliwa, tarehe zinazogongana katika hati, na mtu yeyote anayekutaka uwasiliane kwa siri na wazazi wa mtoto, jambo ambalo kifungu cha 29 kinalizuia mpaka masharti ya msingi yatimizwe.

Hatua ya tatu: tathmini ya familia

Ofisa ustawi wa jamii atakuja nyumbani, atakuhoji wewe na wote unaoishi nao, atakagua kipato, afya, rekodi ya polisi na historia ya ndoa, kisha ataandika ripoti inayotumwa kwa nchi ya mtoto. Hakikisha ripoti inataja waziwazi umri wa mtoto unayeidhinishwa kumpokea, na kama unaidhinishwa kupokea ndugu wawili au zaidi, kwa kuwa ripoti inayosema "mtoto wa hadi miaka mitano" haitakusaidia utakapopendekezewa mtoto wa miaka kumi. Mafunzo nayo ni ya lazima katika nchi nyingi. Marekani, kwa mfano, inadai angalau saa kumi. Kwa maoni yangu saa kumi hazitoshi kwa mtoto mkubwa. Tafuta mafunzo ya ziada kuhusu malezi ya mtoto aliyepitia kiwewe, na zungumza na familia zilizoasili watoto wa umri huo, hasa zile zilizopata taabu.

Hatua ya nne: jalada la hati

Kwa kawaida jalada hubeba vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa au talaka, vyeti vya polisi, ripoti za daktari, uthibitisho wa kipato, ripoti ya tathmini na kibali cha nchi yako. Kila hati huthibitishwa kisheria, hugongwa muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali unaotambuliwa na nchi nyingine wanachama, kwa nchi zilizo katika Mkataba wa Apostili wa mwaka 1961 au huthibitishwa na ubalozi kwa zisizokuwamo, kisha hutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Vyeti vya polisi na vya daktari huisha muda. Andika tarehe ya mwisho ya kila kimoja, na uanze kukihuisha mapema.

Hatua ya tano: kulisoma jalada la mtoto

Siku utakayopokea pendekezo la mtoto utatumiwa picha, na picha itakuvuta. Iweke kando kwanza usome maandishi. Tafuta kujua ameishi sehemu ngapi na kila sehemu muda gani, aliingia makaoni akiwa na umri gani na kwa sababu gani, ana ndugu wangapi na wako wapi, yuko darasa la ngapi, nani anamtembelea, na nani kati ya walezi ndiye aliyemzoea. Ripoti inayosema tu kwamba mtoto ni mchangamfu na mtiifu haijakueleza kitu. Rudisha maswali kwa maandishi: anafanya nini akikasirika? Anamwendea nani akiumia? Analala usingizi mzima? Amewahi kupelekwa kwa familia nyingine akarudishwa?

Umuhimu wa swali hilo la mwisho ni mkubwa. Mtoto aliyekwisha kurudishwa mara moja atakuja kwako akitarajia kurudishwa tena, na huenda akafanya kila linalowezekana ili jambo hilo litokee mapema badala ya kulisubiri.

Mpe daktari wa watoto mwenye uzoefu wa watoto waliolelewa makaoni jalada zima, si muhtasari. Watoto hao mara nyingi huwa wafupi na wepesi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe na malezi ya pamoja, na wengi hukua haraka baada ya kupata familia. Ufupi pekee usikutishe. Tarehe ya kuzaliwa nayo huweza kuwa ya kukisiwa, hasa kwa mtoto aliyeokotwa au ambaye kuzaliwa kwake hakukusajiliwa, na picha ya eksirei ya mifupa ya mkono haiwezi kutoa umri kwa uhakika kwa mtoto aliyekosa lishe. Uliza waziwazi pia kama amewahi kupigwa au kudhulumiwa kingono, au kushuhudia hayo. Wafanyakazi wengi huona aibu kuandika jambo hili, lakini ni lazima ulijue ili upange vyumba vya kulala na usimamizi kama una watoto wengine nyumbani.

Ukiona hutaweza, kataa sasa. Kukataa pendekezo wakati mtoto hajui habari zako hakumdhuru. Kukataa ukiwa umesimama mbele yake kutamwachia jeraha la miaka mingi. Na ikiwa ana ndugu wanaoishi pamoja naye, usikubali watenganishwe bila sababu nzito iliyoandikwa na mtaalamu.

Hatua ya sita: mtoto aandaliwe kabla hujafika

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika kila jambo linalomhusu, na nchi nyingi zimeweka umri ambao bila idhini yake hakuna kuasili: Ufilipino ni miaka 10, Bulgaria ni 14. Hata pale ambapo sheria haimlazimu kukubali, mwulizeni. Maelezo yatolewe na mwanasaikolojia au ofisa ustawi ambaye hanufaiki kwa vyovyote na kukamilika kwa shauri, kwa lugha ya mtoto, zaidi ya mara moja, na bila wewe kuwapo. Anapaswa kuambiwa kwamba kuasiliwa ni kwa maisha yote na si kwenda kusoma au kutembea. Kwamba atahamia nchi yenye lugha nyingine. Kwamba wadogo zake watabaki au watakuja. Na kwamba anaruhusiwa kusema hapana bila kuadhibiwa. Omba taarifa ya maandishi ya mazungumzo hayo pamoja na maswali aliyouliza mtoto, kwa sababu maswali ndiyo yatakayokuonyesha alichoelewa.

Upande wako, tengeneza albamu. Weka picha ya mlango wa nyumba kwa nje, jikoni, choo na bafu, kitanda atakacholala, dirisha la chumba chake, kila mtu anayeishi humo, mnyama wa kufugwa kama yupo, shule, na njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Chini ya kila picha andika sentensi moja katika lugha yake. Usijaze picha za vitu vya kuchezea wala baiskeli, kwa kuwa mtoto hapaswi kukubali kuondoka kwa ajili ya zawadi. Tuma nakala mbili, moja ya mtoto na moja ya mlezi, kwa sababu katika makao yenye watoto wengi albamu huchanika au huibwa, na mlezi anayeisoma naye jioni ndiye anayemwandaa kwelikweli.

Andika barua fupi ya kweli. Usimwambie unampenda kabla hujamwona. Mtoto wa miaka kumi na mbili anajua kwamba humjui. Mweleze wewe ni nani, unafanya kazi gani, asubuhi nyumbani kwako huanzaje, na ungependa kujua nini kumhusu. Kuhusu jina lake, msimamo wangu ni kwamba libaki. Ukitaka kuongeza la ukoo wenu, ongeza, lakini jina analoitikia ni kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kumpokonya katika mahamisho yote aliyopitia.

Wakati huohuo jifunze lugha yake. Hutaijua vizuri, na si lazima. Anza na yale yanayohitajika usiku na njiani: unaumwa wapi, unataka choo, una njaa, unaogopa nini, simama, nipe mkono, nitarudi, sijakasirika, hatukurudishi. Yatamke mbele ya mzungumzaji wa lugha hiyo mpaka ayaelewe bila kukuangalia mdomo.

Hatua ya saba: mpango wa safari

Kuna nchi zinazotaka safari mbili na nyingine moja ndefu. Bulgaria hutaka uende kwanza kukutana na mtoto kwa siku zisizopungua tano, kisha urudi nyumbani kusubiri mahakama na kwenda tena kumchukua. Kolombia kwa kawaida huwataka wazazi wakae huko wiki kadhaa katika safari moja. Safari mbili ni ngumu kwa mtoto, kwani anakuzoea kisha anakuona ukiondoka. Ukilazimika kwenda mara mbili, mwachie kalenda yenye picha na siku za kukata, umwambie ukweli kwamba tarehe inaweza kubadilika, na umpigie simu kwa siku na saa ileile kila wiki.

Nunua tiketi zinazobadilishika. Panga malazi yenye jiko, maana mgahawa wenye kelele na orodha ndefu ya vyakula ni mzigo kwa mtoto aliyezoea kupakuliwa sahani moja. Tafuta mkalimani wako mwenyewe, asiyelipwa na makao wala na shirika, ili mtoto aweze kusema lolote mbele yake. Programu ya kutafsiri ya simu inafaa kuulizia njia. Haifai kwa mazungumzo kuhusu mama yake. Mizigo iwe michache: nguo za saizi mbili, viatu vya kununulia hukohuko, dawa alizoshauri daktari, taa ndogo ya usiku, karata, mpira, kalamu za rangi, na nakala za hati zote katika begi la mkononi na pia mtandaoni.

Hatua ya nane: siku za kwanza pamoja

Omba kukutana naye mahali alipopazoea, mlezi wake akiwapo. Usimkumbatie. Keti chini kuliko yeye, msalimie kwa lugha yake, kisha toa kitu cha kufanya kwa mikono, kama karata au kipande cha karatasi cha kukunja, ili macho yake yapate pa kukimbilia. Ziara ya kwanza iwe fupi. Unapoondoka mwonyeshe kwenye saa utarudi mshale ukiwa wapi, na kesho yake ufike mshale ukiwa hapohapo. Hilo la kufika kwa wakati lina uzito kuliko zawadi zote, kwa mtoto ambaye watu wazima wengi walimwambia "nitarudi" wasirudi.

Akianza kulala kwenu, tarajia mambo ambayo hayamo katika jalada. Atakula haraka, atatia mkate mfukoni, na asubuhi utaukuta chini ya mto. Usiuondoe. Weka bakuli la matunda na mkate mahali anapoweza kulifikia usiku na mchana, na umwonyeshe kwamba likipungua linajazwa. Huenda hajawahi kulala chumba cha peke yake wala gizani, hivyo acha taa na mlango wazi. Huenda hajawahi kufunga mkanda wa gari, akatapika mwendo wa dakika kumi tu. Msichana au mvulana wa miaka kumi aoge mwenyewe. Mwonyeshe bomba la maji moto akiwa amevaa nguo, kisha utoke.

Wapo watakaokuwa wapole kupita kiasi kwa wiki za mwanzo, wakikubali kila kitu na kukuita mama au baba tangu siku ya pili. Usidhani kwamba upendo umekwisha kuota. Mara nyingi ni woga wenye adabu, na hasira zitakazokuja baadaye, akishaamini kwamba hatarudishwa, ndizo dalili njema zaidi. Wengine watamshika mkono kila mtu mzima anayepita hotelini. Waelezeni wahudumu kwa upole kwamba chakula, peremende na kumbatio vitoke kwenu tu kwa sasa.

Hatua ya tisa: mahakamani

Jaji atataka kujua kwa nini mtoto huyu, mnaishi kwa kipato gani, nani atakuwa nyumbani miezi ya mwanzo, na mtafanya nini akiugua au akishindwa shule. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Mtoto huweza kuhojiwa faraghani, na hapo usimfundishe la kusema. Mwambie tu kwamba ataulizwa na kwamba jibu lolote linaruhusiwa.

Akisema hapana, safari isimame. Mpe siku chache na mtaalamu amsikilize, kwani nyuma ya hapana huenda kuna mdogo wake anayebaki, bibi anayemtembelea, au jambo aliloambiwa bwenini kuhusu watoto wanaopelekwa nje. Kama sababu inatatulika, itatuliwe. Kama haitatuliki, rudini nyumbani bila yeye. Najua kauli hii ni nzito kwa mtu aliyetumia miaka na akiba yake yote, lakini mtoto aliyesafirishwa kwa kulazimishwa haasiliwi bali anahamishwa.

Hatua ya kumi: hati za baada ya hukumu

Katika nchi nyingi amri haiwi ya mwisho mpaka muda wa rufaa upite. Baadaye hufuata cheti kipya cha kuzaliwa, pasipoti, uchunguzi wa afya kwa daktari anayetambuliwa na ubalozi, na viza. Kwa nchi za Mkataba, dai hati ya kifungu cha 23 inayothibitisha kwamba kuasili kumefuata Mkataba, kwa kuwa ndiyo inayozilazimu nchi nyingine wanachama kuutambua. Kabla hujaondoka dirishani soma kila jina herufi kwa herufi na kila tarehe, ukilinganisha na hati nyingine; herufi moja iliyorukwa katika pasipoti inaweza kukurudisha mwanzo wa foleni. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa za amri ya mahakama, maana utakaporudi nyumbani hazitapatikana kwa urahisi.

Hatua ya kumi na moja: kuaga

Usimtoe mtoto makaoni kama mgonjwa anayekimbizwa. Tenga siku ya kuagana. Apige picha na rafiki zake, mlezi, mpishi, mwalimu, kitanda chake na mti wa uani. Aandike majina nyuma ya picha. Achukue shati kuukuu au daftari hata kama umemletea jipya, na shati hilo lisifuliwe. Mwombe mlezi amtamkie kwa sauti kwamba anaruhusiwa kwenda na kuwa na furaha kule, na kama inawezekana umrekodi. Chukua anwani na namba za simu za ndugu zake. Kwenye ndege akae dirishani au katikati yenu, awe ameelezwa mapema kuhusu mngurumo, masikio kuziba na choo, na asipewe dawa ya usingizi bila ushauri wa daktari.

Hatua ya kumi na mbili: baada ya kufika

Wiki mbili za mwanzo wageni wasije. Mpeleke kwa daktari mapema kwa vipimo vya kifua kikuu, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, kaswende, minyoo na vimelea vingine, upungufu wa damu, madini ya risasi, macho, masikio na meno, hata kama vipimo vilifanyika alikotoka. Baadhi yake hurudiwa baada ya miezi sita. Chanjo zisizo na rekodi ya kuaminika hupimwa kwa damu au hurudiwa. Shuleni, asiwekwe darasa kwa kufuata umri pekee, na walimu waelezwe kwamba lugha ya uwanjani huja mapema huku ile ya vitabu ikichukua miaka. Lugha yake ya kwanza huweza kufifia ndani ya miezi michache. Akitaka kuitunza, mtafutieni mtu wa kuzungumza naye kila wiki.

Peleka ripoti za ufuatiliaji kwa wakati, kwa sababu nchi ya mtoto huweza kuzifungia familia nyingine kutokana na uzembe wa wachache. Shughulikia uraia mara moja, wala usidhani kwamba unakuja wenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliwapa uraia wa moja kwa moja watoto wengi walioasiliwa, lakini haikuwagusa waliokuwa wamekwisha kutimiza miaka 18 ilipoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, na miongoni mwao wapo waliogundua ukubwani kwamba si raia, na wengine wakafukuzwa nchini.

Maisha yakiwa magumu kupita uwezo wenu, ombeni msaada wa ofisi iliyowatathmini kabla hamjafika ukingoni. Kumkabidhi mtoto kwa familia nyingine kwa mapatano ya faraghani ni hatari kwake, na katika sehemu nyingi ni kosa la jinai. Kama hawezi kuendelea kuishi nanyi, ni mamlaka husika inayopaswa kumtafutia mahali, na maoni yake yasikilizwe upya. Ikiwa mpo salama, fungueni faili moja nyumbani lenye amri ya mahakama, ripoti za makao, albamu ya zamani, majina ya walezi na anwani za ndugu. Mwonyesheni lilipo, mwambieni ni lake, na kila anapotaka kulisoma au kuuliza lililomo, mwacheni alisome na mjibu yale mnayoyajua.